Jumamosi ambayo dobi hakupeleka nguo

Mkaa umeshika vizuri ndani ya pasi, na dobi anaijaribu kwa kidole kilicholowa maji. Inalia kidogo. Anaipitisha kwanza juu ya gunia, kisha juu ya kitambaa cheupe. Kitambaa kinapobaki cheupe, ndipo anavuta shati la kwanza. Anaanza na kola, anahamia mabegani, anamalizia na mikono. Midomo yake inacheza muda wote.

Anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani anajiongelesha. Anaomba.

“Kila nguo ina mwenyewe,” anasema bila kuinua macho. “Huyu mgongo unamsumbua, naona shati lake linavyochakaa upande mmoja. Huyu anatafuta kazi, shati la heshima analo hili hili, analileta kila wiki. Sasa nikae kimya tu na nguo ya mtu mkononi? Namtaja kwa Mungu, naendelea na mwingine.”

Watu wa mji huu mdogo wanamwita Mzee Pasi. Chumba chake cha kazi kiko kati ya duka la dawa na kibanda cha kinyozi. Ndani kuna meza ndefu iliyovikwa blanketi kuukuu, rafu za mbao, na dirisha moja linalotazama soko na barabara. Nyuma kuna ua wenye kamba na mapipa ya maji. Huko ndiko anakofanya kazi mkewe. Yeye ni wa pasi, mke ni wa maji. Wamegawana hivyo tangu walipooana.

“Na hatujawahi kugombania sabuni,” anasema mke.

Kazi hii haijawatajirisha. Kufua na kupiga pasi shati moja ni bei ya mkate mmoja, na suruali ni bei ya mkate na nusu. Kwa bei hiyo wamesomesha watoto wao wote, ambao sasa wanaishi mbali. Wazazi wamebaki na baiskeli, meza, na mji mzima wa nguo.

Mji wenyewe una barabara moja ya lami, inayoingia upande huu na kutokea upande ule bila kukata kona. Kuna shule ya msingi, kituo cha afya na soko. Basi linapita asubuhi na kurudi jioni, na anayeshuka hujulikana ni mgeni wa nani kabla hajashusha mzigo wake.

“Hapa ukinunua dawa ya tumbo asubuhi, mchana muuza nyama anakuuliza unaendeleaje,” anasema mke wa dobi. “Ni vizuri, maana ukiumwa hufi peke yako. Lakini ukitaka kuumwa kimya kimya, hama.”

Alipokuwa kijana, Mzee Pasi alifanya kazi kwa dobi wa mji mkubwa. Huko kila nguo iliwekwa alama ya wino ndani ya kola ili isipotee. Alipohamia hapa aliacha mtindo huo. Aliona hauna maana, kwa kuwa nguo za wateja wake alizijua kama anavyozijua sura zao. Kila Jumamosi alifunga mafurushi kwenye baiskeli na kupita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyewahi kumrudishia hata soksi.

Sifa hiyo ya kutokosea ndiyo iliyokuja kumletea taabu, yeye na jirani yake.

Jirani huyo ni mjane mwoka mikate, na watu wanamwita Mama Mikate. Marehemu mume wake alikuwa rafiki wa Mzee Pasi, ndiyo maana dobi humwita shemeji. Anaoka nyuma ya nyumba yake na kuuza mbele. Ana kijana mmoja tu, anayefanya kazi mbali na kuja kumwona mara chache.

Mwezi uliopita Mzee Pasi alikuwa akipiga pasi shati la buluu lenye mistari myembamba myeupe. Alipoliona alimkumbuka kijana wa Mama Mikate, ambaye alikuwa na shati kama hilo alipokuja likizo. Akadhani kijana amerudi nyumbani. Akaanza kumwombea: kazi yake, afya yake, mchumba ambaye mama yake anamngoja kwa hamu.

“Niliomba mpaka nikafumba macho,” anasema. “Mikono ikaendelea yenyewe. Nilipofumbua, shati lilikuwa limekunjwa, limo kwenye furushi la shemeji.”

Shati lilikuwa la Mwalimu Mkuu.

Mama Mikate alipofungua furushi lake jioni, aliona shati si lake. Akalitundika kwenye msumari wa mlango ili asisahau kulirudisha kesho yake. Asubuhi, kabla hajamaliza kutoa mikate kwenye tanuri, akaja mteja wake wa kwanza, Mama Mboga, anayeuza mchicha na nyanya pale sokoni.

Mama Mboga alilitambua shati mara moja. Kifungo cha mkono wa kulia kilikuwa kimebadilishwa, kikawekwa cheusi. Mji mzima unakijua kifungo hicho, kwa sababu huo ndio mkono anaouinua Mwalimu Mkuu akitaka wazazi wanyamaze kwenye mikutano.

“Mimi sikusema kitu,” anasisitiza Mama Mboga, akimwagia mchicha wake maji. “Niliuliza tu. Nilimwuliza jirani yangu wa meza, ‘Lile si shati la Mwalimu?’ Kuuliza nako ni kosa?”

Hadi mchana swali lake lilikuwa limefika kituo cha afya. Ilipofika jioni halikuwa swali tena. Wiki hiyo mke wa Mwalimu Mkuu alikuwa amesafiri kuwaona wazazi wake, na jambo hilo likachochea moto. Aliporudi na kusikia habari hizo, alicheka. Watu wakasema anacheka kwa uchungu.

Kama ingekuwa maneno tu, Mama Mikate angeyavumilia. Amekuwa mjane kwa muda mrefu, na si mara ya kwanza kusemwa. Lakini wakati huo huo kamati ya shule ilikuwa inajiandaa kumpa kazi ya kuoka mikate ya asubuhi ya wanafunzi. Kwa ajili ya kazi hiyo alikuwa ameanza kujenga tanuri kubwa zaidi. Matofali yalikuwa yamefika kiunoni.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hafichi alichokuwa akikihofia. “Sikusema kwamba habari ni za kweli,” anaeleza. “Nilisema tukimpa sasa, watu watasema Mwalimu anamtunza kwa mikate ya watoto. Watu wakishasema hivyo, hawatatoa mchango. Nikaona tuagize mikate ije na basi.”

Uamuzi ukawekwa kwenye kikao cha Jumatatu. Tanuri likasimama pale pale kiunoni.

Mzee Pasi alipopata habari, alifunga chumba cha kazi akaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya Mama Mboga. Alimweleza kila kitu. Mama Mboga alimsikiliza kwa heshima.

“Mzee Pasi, wewe ukakosea tangu lini?” akamwuliza.

“Nimekosea, mama.”

“Acha hizo. Unamfunika shemeji yako. Ni vizuri, una utu.”

Dobi akarudi nyumbani na sifa ambazo hakuziomba. Jioni hiyo uvumi ukapata kiungo kipya: kumbe hata dobi anajua, anawasitiri tu.

“Kila nilipokana niliongeza kuni,” anasema. “Ningekuwa dobi mzembe, wangeniamini siku ya kwanza.”

Alikwenda pia kwa Mama Mikate. Alimkuta anakanda unga. “Hakunifukuza,” anakumbuka. “Aliniambia, ‘Karibu, dobi.’ Miaka yote hiyo ananiita shemeji. Siku ile nikawa dobi. Nilikaa kidogo, nikaaga.” Tangu siku hiyo mama huyo hakuleta tena nguo. Alianza kufua mwenyewe, jioni, baada ya kazi ya kutwa.

Mzee Pasi aliomba. Alimwomba Mungu awafumbue macho watu wa mji. Aliomba asubuhi na jioni, hadi mkewe akaweka beseni chini na kumwuliza, “Na wewe utakuwa unafanya nini wakati Mungu anawafumbua?”

Wazo lililofuata lilikuwa la mke, naye halioni kuwa kubwa. “Wao hawajawahi kuchambua nguo za watu wengi pamoja,” anasema. “Wanaona ni kazi rahisi. Nikamwambia mume wangu, waachie wachambue.”

Mzee Pasi aliogopa. Alijua vizuri anachokihatarisha. “Kama kila mtu angechukua chake bila kukosea, shemeji angekuwa amekwisha,” anasema. “Na mimi ndiye ningekuwa nimemmaliza, mara ya pili.”

Jumamosi iliyotangulia kikao hakufunga furushi hata moja kwenye baiskeli. Alifunga kamba kutoka nguzo moja ya soko hadi nyingine, akatundika nguo zote za wiki zikiwa zimechanganyika: mashati upande huu, suruali upande ule, mashuka mwisho. Akasimama kando, mikono nyuma.

“Leo sipeleki,” aliwaambia waliokuja kuulizia. “Kila mtu achukue yake.”

Hawakufurahi. Mwanamke mmoja alilalamika kwamba amelipia kupelekewa. Kinyozi alitoka kibandani na mkasi mkononi akauliza kama dobi amefungua duka la mitumba. Lakini Jumamosi watu wanataka nguo zao, na haukupita muda kamba zikazungukwa.

Mwanzoni mambo yalikwenda haraka kiasi cha kumtisha Mzee Pasi. Muuza nyama alichukua suruali yake na kuondoka. Mhudumu wa kituo cha afya alichukua koti lake jeupe, maana lilikuwa moja tu. Mke wa dobi alimtazama mumewe. Mume akatazama chini.

Kisha wanawake wawili wakashika shuka moja.

“Hili ni langu, nimelishona mwenyewe pembeni.”

“Hata mimi nimelishona pembeni.”

“Uzi wangu mweupe.”

“Shuka ni jeupe, ulitaka nilishone kwa uzi gani?”

Kijana mmoja akaondoka na soksi mbili zisizofanana, akarudi, akaondoka na nyingine mbili ambazo nazo hazikufanana. Mwalimu Mkuu alikuwa amefika na kusimama pembeni, akawaambia waliompisha kwamba yeye hana haraka. “Nitachukua litakalobaki,” alisema. “Hapo nitakuwa na uhakika.”

Mama Mboga alikuja akiwa bado na matone ya maji mikononi. Hakusita. Alipita mashati kama mtu anayepita kwenye sebule yake, akavuta la kijivu.

“Hili hapa la baba watoto,” alisema. “Nikilikosa hili, nimekosa ndoa.”

Mume wake ni fundi baiskeli, mtu mkubwa, asiyependa maneno. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, na alikuwa na harusi ya kuhudhuria mchana huo. Akafuta mikono kwenye kitambaa, akalivaa shati juu ya fulana yake pale pale. Mikono ya shati iliishia mbali na viganja. Vifungo vya tumboni havikukutana.

“Umenenepa,” alisema mke.

“Tangu Jumatano?”

“Basi limesinyaa. Maji ya pipa yale.”

Nyuma yao mwenye duka la dawa, mwanamume mwembamba, alikohoa. “Samahani, jirani,” alisema. “Naona umevaa shati langu.”

Soko lilicheka. Fundi baiskeli mwenyewe alicheka, kwa uangalifu, asije akalipasua. Kinyozi ndiye aliyeuliza, akiwa bado anacheka, “Kwa hiyo leo shati la mwenye duka lingelala kwa Mama Mboga?”

Kicheko kikaendelea kidogo, kisha kikapungua, kwanza kwa walio karibu, halafu kwa walio nyuma. Mtu akarudia yale maneno kwa sauti ndogo, kama anayeyasikiliza upya.

“Ningelirudisha,” alisema Mama Mboga.

“Najua,” alisema mke wa dobi. Hakupandisha sauti. “Usiku ukishaingia ungeliweka wapi, mpaka kesho?”

Mama Mboga alilitazama shati lililombana mume wake. “Ningelitundika,” alisema mwisho. “Kwenye msumari.”

Mzee Pasi, ambaye si msemaji, ndipo aliposema mbele ya wote kile ambacho hakikuaminiwa kwenye meza ya mboga. “Nilikosea mimi. Nilikuwa naomba, nikafumba macho, shati la Mwalimu nikaliweka kwa shemeji. Yeye hana habari, na Mwalimu hana habari.”

“Basi mzee, uwe unaomba umefumbua,” alisema fundi baiskeli huku akivua shati.

Mwalimu Mkuu alibaki hadi mwisho, kama alivyosema. Lililobaki kwenye kamba lilikuwa lake. Alilikunja, akampa dobi mkono wa shukrani, akaenda zake.

Mama Mikate hakuja kwenye kamba, maana hakuwa na nguo pale. Alikuwa upande wa pili wa soko na meza yake ya mikate, na kutoka hapo aliona na kusikia vya kutosha. Watu hawakumiminika kwake. Walipita, wakanunua kama wanavyonunua, wakaulizia unga umepanda au umeshuka. Karibu na kufunga soko alikuja Mama Mboga.

“Nipe miwili.”

“Umebaki mmoja. Tena wa jana.”

“Nipe huo huo.”

Akalipa, akasimama kidogo pale, akasema tanuri lile likikamilika litakuwa zuri. Akaondoka. Mama Mikate anasema kwamba hayo ndiyo maneno yote, na kwamba hakutarajia mengi zaidi. “Tutaonana kesho, na keshokutwa, na kila siku mpaka mmoja wetu azikwe,” anasema. “Hapa huwezi kukaa na hasira na mtu unayemwuzia mkate.”

Jumatatu, kikao kilipofika kwenye suala la mikate, Mwalimu Mkuu aliomba kutoka nje. Alikaa chini ya dirisha la ofisi yake mwenyewe mpaka alipoitwa. Kamati iliamua kwamba Mama Mikate ataoka kwa muhula mmoja, kisha wataangalia. Mwenyekiti anasema hakuna aliyepinga. Mtu mmoja tu aliuliza kama mikate itakuwa mikubwa au midogo.

Wiki mbili baadaye, tanuri limefika juu. Mwashi anapiga lipu ya nje, na Mama Mikate anampitishia maji kwa ndoo huku akijibu maswali.

“Nimemsamehe,” anasema kuhusu dobi. “Mimi mwenyewe kila siku naomba nisamehewe, sasa nitamkatalia nani? Alijiaibisha mbele ya watu kwa ajili yangu. Hilo siwezi kulisahau.” Anaweka ndoo chini. “Lakini nguo zangu nafua mwenyewe. Kusamehe ni jambo moja, mashuka yangu ni jambo jingine.”

Jumamosi ile imemgharimu Mzee Pasi. Baadhi ya wateja wanasema amezeeka. Mwenye duka la dawa siku hizi huhesabu leso zake mbele ya mlango. Mafurushi ya Jumamosi yamepungua, na baiskeli inarudi nyumbani mapema. Dobi halalamiki. Anasema alitaka wajue kwamba anakosea, na sasa wanajua.

Anachofanya ni kurudia aliyojifunza ujanani. Wino ameukataa, kwa sababu watu wa hapa hawapendi nguo zao ziandikwe. Mkewe anashona alama ndogo kwa uzi ndani ya kola: jani kwa Mama Mboga, gurudumu kwa mume wake, mkasi kwa kinyozi. Mwalimu Mkuu alipoulizwa anataka nini, alisema chochote, mradi kisionekane akiinua mkono.

Mchana huu mke ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa ua, anajaribu alama mpya kwenye kipande cha kitambaa. Ni mkate. Mumewe anaikodolea macho.

“Unafanana na jiwe.”

“Ngoja nimalize.”

“Mwenyewe hajaleta nguo.”

“Ataleta. Niache nijifunze.”

Mzee Pasi anaona kwamba mkewe ana hoja. Muhula ukifunguliwa, Mama Mikate atakuwa anaamka alfajiri kuokea shule nzima, kisha anasimama sokoni hadi jioni. Mvua nazo zinakaribia, na mashuka mazito hayakauki ndani ya nyumba. Mtu mwenye tanuri kubwa namna ile, anasema dobi, hatapata muda wa kufua. Yeye hatakwenda kumkumbusha. Atafungua mlango asubuhi na kungoja.

“Na akipeleka kwa dobi mwingine?” anauliza mke, sindano mdomoni.

Mzee Pasi anachungulia dirishani, anaitazama barabara ya lami kutoka mwanzo wake hadi mwisho, na kote huko anaona nguo anazozijua.

“Dobi mwingine yupi?” anasema.